Uliza Mwalimu: Nani Ameona Ndani ya Kiini cha Atomu?

Tangu niandike mwezi uliopita juu ya mionzi, barua zimenijaa na karibu zote zinaenda upande mmoja, watu hawataki tena kuambiwa mionzi inatoka kwa atomu basi, wanataka kujua kiini chenyewe kikoje na nani alijuaje. Nimefurahi kuliko navyoweza kuandika hapa manake hii ndo fizikia niliyoipenda tangu nikiwa kijana na huwa hainiishii hamu. Nimechagua maswali matano, nimeyafupisha kidogo, majibu mengine yamekuwa marefu na mengine mafupi kulingana na swali lenyewe.

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Dagoretti. Mwalimu wetu alichora duara ubaoni akaweka protoni na nyutroni katikati akasema tukariri hivo. Nikauliza nani aliziona, akasema hakuna mtu amewahi kuziona. Sasa kama hakuna aliyeziona tunakariri nini? Na swali lingine dogo, klabu yetu ya sayansi inaweza kufanya nini na hiki kitu, maabara yetu haina vifaa vya maana. — Msichana wa kidato cha tatu*

Marahaba mwanangu. Swali lako la kwanza ni zuri sana na usikubali mtu akunyamazishe nalo. Hilo dogo nitalijibu mwisho kabisa, nivumilie.

Ebu tuanze na kuona ni nini. Unaona kikombe kwa sababu mwanga unakigonga alafu unarudi kwa jicho. Lakini mwanga ni mawimbi, na mawimbi ya mwanga tunaoona yana urefu wa nanomita 400 mpaka 700 hivi, na atomu moja ya dhahabu upana wake haufiki hata nusu nanomita, alafu kiini chake ni kidogo kuliko hiyo atomu mara kama 20,000. Ni kama kutaka kusoma maandishi ya shilingi kwa kuipapasa ukiwa umevaa glavu za ndondi, hata ujaribu mwaka mzima hutasoma kitu, na shida si macho yako, shida ni kile unachopapasia.

Sasa stima zikipotea usiku na uko kwa chumba usichokijua na una mpira mkononi, unaweza kujua mbele yako kuna ukuta ama kuna pazia. Unarusha. Ukirudi kwa nguvu ni ukuta, ukidondoka hapo ni pazia, usiporudi kabisa labda ni dirisha limeachwa wazi. Hujaona chochote lakini umejua, na ukirusha mara elfu moja ukihesabu ilirudi mara ngapi na kwa pembe gani, unaweza kuchora hicho chumba chote.

Hivo ndivo ilivyofanyika Manchester, Uingereza, mwaka 1909. Hans Geiger na Ernest Marsden walikuwa wanafanya kazi chini ya Ernest Rutherford, na Marsden alikuwa na miaka 20 tu, hata digrii hajamaliza. Walichukua chembe za alfa (leo tunajua kila moja ni protoni mbili na nyutroni mbili zimeshikana) zinazotoka kwa vitu vyenye mionzi wakazielekeza kwa karatasi nyembamba sana ya dhahabu, na pembeni wakaweka kioo kidogo kilichopakwa salfaidi ya zinki, alfa moja ikikigonga kinamulika nukta ndogo. Hakukuwa na kompyuta. Mtu alikaa gizani karibu nusu saa macho yazoee, alafu anaangalia kwa hadubini anahesabu nukta moja moja mpaka macho yachoke, anapokezana na mwenzake. Nikifikiria hiyo subira huwa naiheshimu kuliko hata hesabu zilizokuja baadaye.

Wakati huo watu waliamini atomu iko kama keki laini iliyotawanywa zabibu, so alfa zilitarajiwa kupita tu, zikipinda kidogo sana. Na kweli karibu zote zilipita. Lakini chache, kwa kipimo chao kimoja (hicho walitumia platinamu) kama 1 kati ya 8,000, ziligeuka zikarudi zilikotoka. Keki laini haiwezi kurudisha kitu cha kasi hiyo. Rutherford alikaa na hayo matokeo, akapiga hesabu, na mwaka 1911 akatangaza kwamba karibu uzito wote wa atomu pamoja na chaji chanya yote imekusanyika mahali padogo sana katikati. Kidogo kiasi gani? Chukua punje moja ya maharagwe uiweke katikati ya uwanja wa Nyayo. Hiyo punje ndo kiini cha dhahabu, na atomu nzima inafika kule kwa viti vya mashabiki. Kilichobaki hapo katikati ni elektroni 79 na utupu.

Protoni nayo ilipatikana hivohivo, Rutherford aligongesha alfa kwa naitrojeni akaona viini vya haidrojeni vinaruka nje, hiyo ni 1919. Nyutroni ilisumbua kwa sababu haina chaji, haiachi alama. Mwaka 1932 kule Cambridge, James Chadwick alifuatilia mionzi fulani iliyotoka kwa beriliamu ikigongwa na alfa, mionzi hiyo haikushikwa na kitu lakini ukiweka nta mbele yake, nta ya aina ile ya mshumaa, protoni zinatimuliwa kutoka kwa nta. Akapima zinatimuliwa kwa kasi gani, akajua kilichozigonga kina uzito karibu sawa na protoni na hakina chaji. Hakuiona. Aliona ilichofanyia jirani.

Alafu kuna mtu ambaye vitabu vya shule humsahau, Robert Hofstadter, wa Stanford, Marekani. Miaka ya 1950 alirushia viini elektroni zenye nishati kubwa sana. Uzuri wa elektroni ni kwamba yenyewe ni ndogo kabisa, haivutwi na ile nguvu kali inayoshikilia protoni na nyutroni pamoja, na ukiipa nishati ya kutosha wimbi lake linakuwa fupi kama kiini chenyewe, yaani umevua zile glavu za ndondi sasa unapapasa kwa ncha ya kidole. Alikuta kiini hakina ukingo mkali kama jiwe, kinafifia taratibu kama ukungu wa Limuru asubuhi, huwezi kusema ukungu unaanzia hapa kwa huu mguu. Na alikuta viini vizito vyote, ndani kabisa, vina msongamano unaokaribiana, kikiwa kikubwa kinapanuka tu hakibanwi zaidi. Kijiko kimoja cha chai cha hiyo kitu kingekuwa na uzito wa zaidi ya tani bilioni moja. Alipata Nobel mwaka 1961.

So mwanangu unachokariri ni matokeo ya watu kurusha na kuhesabu. Mwambie mwalimu wako kwa heshima kwamba picha ya ubaoni ni ufupisho wa hiyo kazi yote.

*Sasa mwalimu. Mimi ni fundi wa elektroniki Luthuli, niko kwa hii kazi miaka 19. Nasikia kuna mashine za kurusha chembe kwa kasi. Swali langu, si hiyo ni ile bunduki ya elektroni tulikuwa tunaikuta kwa tivi za kisogo? Ama kuna kitu sijaelewa? — Fundi, Luthuli Avenue*

Umeelewa vizuri kabisa ndugu yangu. Ile Great Wall ya inchi 14 iliyokuwa sebuleni kwa kila mtu ilikuwa akselereta ndogo, yaani mashine ya kuongezea chembe kasi, elektroni zinachemshwa kule nyuma kwa kisogo, zinavutwa na volti maelfu, kwa zile za rangi zinafika kama 20,000 na zaidi, sumaku zinazipinda, zinagonga kioo kinawaka. Kuna chanzo cha chembe, volti za kuzivuta, ombwe zisigongane na hewa, sumaku za kuzielekeza na kitu cha kugongwa. Mashine kubwa za utafiti ziko na hivo vitu vitano tu, vimekuzwa.

Na nikuambie kitu ambacho nadhani kitakugusa wewe kama fundi. Mwaka 1932 huohuo wa nyutroni, hapohapo Cambridge, John Cockcroft na Ernest Walton walitaka volti laki kadhaa za kusukuma protoni. Hawakuwa na transfoma ya kutoa volti hizo moja kwa moja, wakapanga kapasita na dayodi ngazi kwa ngazi, kila ngazi inaongezea volti juu ya ile ya chini. Unaijua hiyo sakiti, umeishika kwa mikono yako. Iko kwa maikrowevu pale kapasita na dayodi zinaongeza volti mara mbili, na kwa tivi za rangi za zamani ilikuwa inaongeza mara tatu. Dayodi za wakati wao zilikuwa mirija mikubwa ya kioo lakini wazo ni lilelile. Wakagonga lithiamu kwa protoni, kiini cha lithiamu kikapasuka kuwa alfa mbili, ndo mara ya kwanza binadamu kupasua kiini kwa chembe alizoziongeza kasi mwenyewe. Wakapata Nobel mwaka 1951. Na wewe unajua vile kapasita ya maikrowevu inavyoweza kuua mtu hata ikiwa imechomolewa, so unaelewa walikuwa wanacheza na nini.

Shida ni kwamba volti ukizizidisha cheche zinaruka, huwezi kupanda bila mwisho. Ernest Lawrence kule Berkeley akapata njia nyingine, badala ya kusukuma mara moja kwa nguvu nyingi, sukuma kidogo mara nyingi, kama unavyosukuma mtoto kwa bembea. Chembe inazungushwa na sumaku, kila ikipita mahali fulani inapigwa teke dogo la volti, inapanua mzunguko, inapigwa tena. Hiyo ndo saiklotroni, na ya kwanza ilitoshea kwa kiganja. Mojawapo ya barani kwetu kwa utafiti wa viini iko Afrika Kusini, karibu na Cape Town, kituo kinaitwa iThemba LABS, jina lake maana yake ni tumaini. Saiklotroni yao kubwa inafikisha protoni elektronivolti milioni 200 (elektronivolti moja ni nishati elektroni inayopata ikivutwa na volti moja), na protoni ya nishati hiyo inaenda zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, kwa sekunde moja ingezunguka dunia mara nne.

*Habari mwalimu, niko mwaka wa pili nasoma fizikia hapa Nairobi. Tumefundishwa kiini kama tone la maji, alafu wiki iliyofuata tukafundishwa kiini chenye matabaka kama elektroni. Ni lipi? Ni majaribio gani yanaonyesha hayo matabaka? Na kama tunajua tayari, mbona bado wanajenga mashine mpya za pesa nyingi hivo? — Mwanafunzi wa chuo*

Hapa ndo penyewe, niruhusu niende polepole.

Umewahi kusimama Marikiti uangalie mama anavyochagua tikitimaji? Halikati. Analishika, analigonga kwa kidole, anasikiliza. Lililoiva linaitika sauti yake na bichi linaitika nyingine, na mwenye uzoefu hakosei. Wanaosoma viini wanafanya hivohivo. Wanakigonga kiini kwa mwale wa chembe, kinapata nishati zaidi ya ile ya kawaida yake, hakiwezi kukaa nayo, kinaitoa kwa mionzi ya gama, aina ya mwanga usioonekana wenye nishati kubwa, na hiyo gama ina nishati maalum kabisa, ni kama sauti ya kile kiini na hakuna kingine chenye mpangilio uleule. Pembeni kuna ditekta za jemaniamu, zinapozwa kwa naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri, zimezunguka mahali pa kugongea kama watu wamezunguka moto, na kazi yao ni kusikiliza.

Sasa sikiliza tofauti. Erbiamu-168 (hiyo namba ni jumla ya protoni na nyutroni zake) ukiigusa kidogo tu inaitika, inahitaji kama elektronivolti milioni 0.08, alafu gama zake zinakuja kwa mpangilio wa ngazi, na huo mpangilio unakuambia kiini kimerefuka kama mpira wa raga na kinazunguka. Risasi-208, namaanisha yale madini mazito, unaigonga na haiitiki mpaka ufike milioni 2.6. Mara thelathini zaidi. Ni ngumu, ni ya duara, haitaki kusumbuliwa. Ina protoni 82 na nyutroni 126, na hizo ni namba mbili kati ya zile zinazoitwa namba za ajabu, 2, 8, 20, 28, 50, 82, 126. Kiini kikifika hapo tabaka limejaa, kama nyumba ya kupanga isiyo na chumba, mpangaji mpya lazima apande gorofa nyingine kwa gharama. Tone la maji haliwezi kufanya hivo, tone halijui kuhesabu. Na hiyo gama ya 2.6 si ya maabara za ng'ambo tu, thoriamu iliyo kwa udongo ikimaliza safari yake ya kuoza inaishia kwa risasi-208, so ukiweka ditekta nzuri karibu na udongo wa Mrima Hill kule Kwale, penye thoriamu nyingi, utaiona imesimama wima kwa grafu.

Aliyeeleza hizo namba ni Maria Goeppert Mayer mwaka 1949, na Hans Jensen kule Ujerumani akafika palepale bila wao kuwasiliana. Mayer alifanya fizikia Marekani miaka mingi bila mshahara wa maana kwa sababu mume wake alikuwa profesa na sheria za vyuo zilikataa kuajiri mke na mume. Hilo huwa linaniuma kila nikilifundisha. Aliyemsaidia kufungua fumbo ni Enrico Fermi kwa swali moja tu, alimuuliza kama kuna dalili kwamba kujizungusha kwa chembe kunaungana na mzunguko wake ndani ya kiini, na Mayer akaona palepale kwamba hilo ndo jibu lililokuwa linakosa. Mwaka 1963 akawa mwanamke wa pili kupata Nobel ya fizikia, wa kwanza alikuwa Marie Curie.

Uliuliza majaribio. Kuna moja nalipenda kuliko yote. Unarusha deuteroni, ambayo ni protoni na nyutroni zimeshikana. Ifikirie kama bodaboda imebeba abiria. Inapita kwa ukingo wa kiini, nyutroni inashuka inaingia ndani, protoni inaendelea na safari peke yake. Wewe humwoni abiria tena, lakini unaiona boda ikitoka, unapima imetoka na kasi gani na kwa pembe gani, na kutoka hapo unajua abiria amepanda gorofa ya ngapi. Ukirudia mara milioni unapata ramani ya gorofa zote, zilizojaa na zilizo wazi. Hivo ndo matabaka yanavyoonekana moja kwa moja.

So ni lipi, tone ama matabaka? Yote mawili, kila moja inaeleza tabia fulani. Tone linaeleza uzito na kupasuka, matabaka yanaeleza zile namba na jinsi kiini kinavyoitika. Nakusihi usichague upande.

Kuhusu mashine mpya. Mpaka sasa tunajua viini vya aina zaidi ya 3,000 na kati ya hivo kama 250 tu ndo haviozi. Karibu nadharia zote za zamani zilijengwa kwa hivo 250 na majirani zao, ni kama mtu aandike sarufi ya Kiswahili akiwa ameongea na mtaa mmoja tu. Vingine vinaishi sekunde, vingine haviwezi hata kupepesa jicho. Huwezi kuviweka mezani uvigonge, so inabidi mambo yageuzwe, kile kiini adimu chenyewe ndo kinafanywa mwale. Unachukua kiini kizito unakirusha kwa kasi kwenye kipande chembamba cha madini, kinavunjika vipande mia aina mia, alafu sumaku ndefu zinavipepeta kama ungo, vya uzito huu vinapita, vya uzito ule vinatupwa, mpaka ubaki na aina moja unayoitaka. Maabara ya RIKEN ya Japani inafanya hivo, GSI ya Darmstadt, Ujerumani, na FRIB ya Michigan iliyofunguliwa mwaka 2022. ISOLDE, iliyo CERN, ile maabara kubwa ya nchi za Ulaya pale Geneva, na inafanya kazi tangu 1967, inatumia njia tofauti kidogo, protoni zinagonga kipande kinene chenye joto kali na vile viini adimu vinavukizwa kutoka ndani.

Na walipofika huko walikuta sarufi imebadilika. Mwaka 1985 Isao Tanihata na wenzake kule Berkeley walipima lithiamu-11, protoni 3 nyutroni 8, inaishi chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, wakakuta ni kubwa mno. Nyutroni mbili za mwisho zinazurura mbali na wenzao, upana wake unakaribia ule wa kiini cha risasi chenye chembe 208. Na ajabu yenyewe, lithiamu-9 na nyutroni moja hazishikani, nyutroni mbili peke yao hazishikani, lakini hizo tatu pamoja zinashikana. Mafiga matatu kabisa, toa moja chungu kinaanguka. Oksijeni-24 ikaonyesha 16 nayo ni namba ya ajabu huko mbali, na magnesiamu-32 yenye nyutroni 20, ambayo kitabu kinasema iwe ngumu na ya duara, imerefuka. Mwaka 2013 ISOLDE walipiga mwale wa radiamu-224 wakaonyesha umbo lake ni kama pea, upande mmoja mnene kuliko mwingine, na viini vya umbo hilo ndo watu wanavitumia kutafuta jibu la kwa nini ulimwengu una mata na si antimata, yaani mata yenye chaji za kinyume.

Juu ya hayo yote, nyota. Dhahabu na urani zinatengenezwa pale viini vinapomeza nyutroni haraka kuliko vinavyoweza kuoza, kama ilivyotokea kwa zile nyota mbili za nyutroni zilizogongana ambazo mawimbi yake ya graviti yalitufikia Agosti 2017. Njia hiyo yote inapita kwa viini ambavyo duniani havipo mpaka uvitengeneze kwa mashine. Ukitaka kujua pete ya mama yako ilitoka wapi inabidi upime vitu vinavyoishi nusu sekunde. Mimi naona hizo pesa zimeenda mahali pazuri.

*Mwalimu nimeskia CERN wamegeuza risasi kuwa dhahabu. Kuna jamaa Kilimani anasema ana mwekezaji wa mashine kama hiyo, anataka tuchange. Ni kweli? — Mfanyabiashara, Eastleigh*

Usitoe hata shilingi. Ni kweli kwamba risasi ina protoni 82 na dhahabu 79, na kwenye mashine kubwa ya CERN viini vya risasi vinapopishana karibu sana bila kugongana, protoni tatu zinaweza kutimuliwa. Kundi la ALICE lilitangaza vipimo vyao mwaka 2025. Kwa miaka minne, 2015 mpaka 2018, vilitokea viini vya dhahabu kama bilioni 86, na uzito wake wote pamoja ni pikogramu 29, yaani ugawanye gramu moja mara trilioni uchukue sehemu 29. Huwezi kuviona hata kwa hadubini, na vilivunjika mara moja vilipogonga kuta za mashine. Hakuna biashara hapo ndugu yangu. Huyo jamaa mpeleke polisi kabla hajapata mwingine, Nairobi imelia vya kutosha kwa hii dhahabu feki.

*Mwalimu, mimi ni mama hapa Kayole. Msichana wangu amepata alama nzuri na anasema anataka kusomea mambo ya nyuklia. Baba yake anaogopa, anasema ni mambo ya bomu na mionzi itamharibu asizae. Mimi nataka kujua kama kuna kazi na kama ni salama. — Mama msichana*

Mama, pole na hongera kwa wakati mmoja, na mpe baba salamu zangu manake anauliza kwa upendo.

Nianze na hofu yake. Kutafuta umbo la kiini kwa mwale si kutengeneza bomu, mwale wa chembe ni kama bomba la maji, ukizima umezima, hakuna kinachoendelea kujiwasha chenyewe. Mionzi ipo, siwezi kukuficha. Mashine ikiwa imewashwa hakuna mtu anaingia chumbani, kuta ni za zege nene na mlango ukifunguliwa mashine inajizima. Na baada ya kuzima, kile kipande kilichogongwa kinaweza kubaki na mionzi kwa muda, hapo ndo watu wanafanya makosa wakiwa na haraka, so kuna sheria za kungoja na kupima. Kila mfanyakazi anavaa beji inayopima kile alichopata, kiwango kinachokubaliwa kimataifa ni wastani wa milisieverti 20 kwa mwaka (hicho ndo kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), na akipata mimba anatangaza mapema apangiwe kazi nyingine. Mwambie baba kwamba wanawake wengi wamefanya kazi hii na wamelea watoto wao, Marie Curie mwenyewe binti yake alikuja kupata Nobel pia.

Kazi ziko, na ziko hapahapa. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa wana saiklotroni, Aga Khan pia wanayo. Wanarusha protoni kwa maji yenye oksijeni-18, protoni inaingia kwa kiini, nyutroni inatoka, imekuwa florini-18. Ni tendo lilelile la watafiti niliokuwa nawaeleza huko juu, hapa linafanyiwa wagonjwa. Hiyo florini inafungwa kwa aina ya sukari, mgonjwa anachomwa sindano, saratani inapenda sukari so inaikusanya, na mashine inaona iko wapi. Nusu maisha yake ni dakika 110, yaani gari likiibeba hiyo dawa likwame kwa jamu ya Thika Road karibu masaa mawili, nusu imeisha njiani. Ndo maana haiwezi kuagizwa ng'ambo ikaja kwa meli, lazima itengenezwe karibu, na lazima kuwe na watu wetu wanaoelewa. Kuna fizikia ya hospitali, kuna mamlaka ya kudhibiti nyuklia ya hapa Kenya, kuna taasisi ya sayansi ya nyuklia pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Na akitaka utafiti wenyewe kuna iThemba, na kuna ile shule ya fizikia ya Afrika iliyoanza mwaka 2010 inayohama nchi hadi nchi ikikusanya wanafunzi wa bara zima. Asomee hesabu kwa bidii na ajifunze kuandika programu za kompyuta, hivo viwili ndo vinamaliza wengi. Mama mwache aende.

Sasa nirudi kwa msichana wangu wa Dagoretti na klabu yake.

Tengenezeni chumba cha mawingu, kifaa cha kuonyesha njia za chembe kwa ukungu. Tafuta chombo cha kioo chenye mdomo mpana, gundisha sponji ndani kwa upande wa kitako, lowesha sponji na alkoholi ya isopropili iliyo kali, ile ya asilimia 90 na zaidi. Funika na kifuniko cha bati ulichopaka rangi nyeusi, geuza chombo kifuniko kiwe chini, kikalishe juu ya barafu kavu. Barafu kavu waulize wanaosafirisha aiskrimu. Ni ya baridi nyuzi 78 chini ya sifuri, so glavu nene, madirisha wazi, hakuna moto karibu sababu ya alkoholi, na mwalimu awepo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hamhitaji kitu chochote cha mionzi, inanyesha yenyewe kutoka angani, na Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari tunapata zaidi kidogo kuliko watu wa Mombasa. Zimeni taa, mulikeni tochi kwa upande chini kabisa karibu na kifuniko, mngoje kama dakika kumi. Kutaanza kutokea nyuzi nyeupe za ukungu, zingine ndefu na nyembamba, hizo ni chembe zilizotoka juu ya anga zikipita, na mara mojamoja kamoja kafupi kanene, hako ni ka alfa, chembe ileile aliyoihesabu Marsden akiwa gizani. Mmoja ashike saa, mwingine ashike kalamu, mhesabu ni ngapi kwa dakika tano, alafu mniandikie.